Okestra ya Midomo Kumi na Minne

Jumapili, 4 Novemba 2018

Inatangazwa kwa wakazi wote wa Vickery Meadow, mtaa wetu hapa Dallas, pamoja na wale waliohamia Carrollton wakidhani wamefika mbinguni, kwamba leo baada ya misa ya saa nane, kwa kura kumi na tatu dhidi ya moja, mimi Nestor, mwalimu wa kwaya, nimekabidhiwa rasmi ufunguo wa kabati la nota za kwaya. Kura moja iliyopinga ilikuwa yangu. Kabati lenyewe halifungi. Kitasa kilivunjika tangu Pasaka. Lakini ufunguo ni ufunguo. Nimeutundika shingoni, na kwa heshima ya cheo nimeanza daftari hili.

Jumanne, 6 Novemba

Mvua. Ghalani ninakofanya kazi tumepakia taulo tangu asubuhi. Ufunguo uko salama.

Jumapili, 11 Novemba

Aurore, binti wa Epiphanie wa sauti ya kwanza, amenifuata kabatini. Ana miaka ishirini. Alifika Dallas akiwa na tisa, na Kiswahili chake kinatembea kwa magongo ya Kiingereza, lakini kinafika.

"Anko Nestor, unaweza kusoma nota za mistari? Si zile za do-re-mi peke yake?"

"Nasoma zote," nikamwambia. "Za mistari nazisoma kama barua ya mahakama. Polepole, na moyo ukidunda."

Ni kweli. Do-re-mi nilifundishwa katika kambi ya wakimbizi ya Mtabila, Tanzania, na katekista mwenye fimbo. Za mistari nimejifundisha hapahapa kwa vitabu vya maktaba, bila fimbo, ndiyo maana nilichelewa.

Akanipa bahasha. Ndani kuna karatasi za usaili wa chuo kimoja cha muziki huko Houston, na kitabu cha nota kinene kama biskuti tatu. Anataka kupiga konserto, yaani muziki ambao piano moja inabishana na okestra nzima. Mwaka jana alifika mbele ya waamuzi, akaketi, akatazama piano, akainuka, akatoka nje bila kugusa hata nota moja. Mwaka huu ni mara ya mwisho. Miaka yake miwili ya chuo cha hapa inaisha Mei, na mama yake amekwisha mtafutia nafasi hotelini anakofanya kazi.

"Nikikimbia tena, Anko, basi. Nitatandika vitanda maisha yangu yote."

"Na hizi karatasi za usaili umezisoma?"

"Nilisoma ya kwanza, hiyo iko nyumbani. Nikiziona hizi nyingine nakumbuka mwaka jana. Zikae kwako."

Nikaziweka kabatini, kwa mamlaka niliyopewa.

Taabu yenyewe ni hii. Lazima awe na mtu wa kupiga sehemu ya okestra kwenye piano ya pili, na kila aliyemwomba amekataa. Mtunzi anaitwa Henselt. Wote wamemwambia: huyo hatumjui, chagua anayejulikana.

"Okestra inakuwa na watu wangapi?" nikauliza.

"Hamsini. Sitini."

"Sisi tuko kumi na wanne."

"Anko, no."

"Nimeuliza tu."

Alhamisi, 15 Novemba

Nimekwenda maktaba kumtafuta Henselt. Nimempata katika kitabu kizito kama tofali, amepewa mistari kumi na moja. Mjerumani, akahamia Petersburg, Urusi, akiwa kijana na kukaa huko karibu maisha yake yote. Vidole vyake vilitanuka juu ya piano kama mkono wa mshonaji anayepima kitambaa. Alifanya mazoezi kutwa nzima huku Biblia iko wazi mbele yake, macho yanasoma, vidole vinaendelea na kazi. Na mtu huyo aliyesifiwa na wakubwa wa wakati wake aliogopa watu kiasi kwamba kabla ya kutimiza miaka arobaini alikuwa karibu ameacha kabisa kupiga hadharani. Akipiga na okestra alijificha pembeni mwa jukwaa, akangoja okestra imalize utangulizi, ndipo atoke mbio, aketi, apige. Wanasimulia kwamba siku moja alitoka mbio na sigara ingali mdomoni, akaipiga konserto yote akifuka moshi.

Nimecheka mpaka mama wa maktaba akanitazama. Sasa naelewa. Binti huyu hakupenda muziki tu, amepata ndugu.

Jumapili, 18 Novemba

Piano ya ukumbi wa parokia inayumba kwa sababu mguu mmoja ni mfupi. Nimechukua karatasi ya juu kabatini, nikaikunja mara nne, nikaisukuma chini ya mguu. Imetulia. Hii ndiyo kazi ya mwenye ufunguo.

Kisha nikawaeleza wanakwaya shauri langu: sehemu ya okestra tuiimbe sisi, kwa do-re-mi, sauti nne kama kawaida yetu.

Everline, nesi wa Kenya anayetoka Carrollton kila Jumapili na chupa yake ya chai, akainua kalamu.

"Mwalimu, wacha nielewe. Unataka tuwe violin?"

"Sauti ya kwanza ndiyo violini. Wewe wa sauti ya pili utakuwa klarineti."

"Klarineti! Na nimetoka shift ya masaa kumi na mbili?"

"Klarineti hailali."

Jean-de-Dieu wa besi, anayeendesha foklifti ya kunyanyua mizigo na kuongea kama bado yumo juu yake, akasimama. "Mimi nitakuwa ngoma."

"Wewe ni nyuzi nene."

"Na ngoma."

"Haya. Na ngoma."

Kumbe kwaya nzima hupatikana kwa bei ya ngoma moja. Wote walikubali, isipokuwa Epiphanie. Huyu mama ni mgumu. Alifunga kitambaa chake, akanivuta kando: "Mwalimu, usimpe mtoto ndoto halafu uniachie mimi kazi ya kumwamsha." Akaondoka. Nimeandika hapa ili nisisahau: Epiphanie, jiwe.

Alhamisi, 22 Novemba

Thanksgiving, sikukuu ya Wamarekani ya bata mzinga. Nimekula ndizi.

Jumapili, 2 Desemba

Wiki mbili nimehamisha kurasa za okestra kwenda do-re-mi, jikoni, kwa penseli. Yule Henselt hana huruma kwa violini, na kwa sauti ya kwanza ana chuki kabisa. Nota zinakimbia mpaka ulimi unajikunja. Tumefanya mazoezi saa mbili tukafika mstari wa pili.

Jumapili, 9 Desemba

Mstari wa tano. Epiphanie huja na kuimba, lakini bado ni jiwe. Jean-de-Dieu anapiga ngoma kwenye mapaja yake mwenyewe. Anasema yanamuuma, lakini kwa sauti ya mtu anayejisifu.

Jumapili, 16 Desemba

Leo tumegombana vibaya.

Utangulizi wote wameujua, zaidi ya dakika mbili, sauti nne, bila kutazama karatasi. Nikawapongeza. Wakakaa, wakachukua kalamu, wakafungua madaftari, wakaningojea. Mimi nikawatazama. Wao wakanitazama.

"Sasa mwalimu," akasema Jean-de-Dieu, "tuletee maneno."

"Maneno gani?"

"Ya wimbo. Nota tumeshika."

Tangu kambini ndivyo tulivyolelewa: kwanza nota, nota zikishikwa yanawekwa maneno, ndipo wimbo unakuwa wimbo. Nikawaeleza kwamba muziki huu hauna maneno. Wakanisikiliza kama mtu anayeeleza nyumba isiyo na mlango.

"Yaani tumesumbuka mwezi mzima," akasema Everline, "na hakuna kitu tunasema?"

"Okestra haisemi."

"Basi tuweke 'Bwana utuhurumie'," akasema Jean-de-Dieu. "Inaingia vizuri. Sikiliza." Akaimba. Ubaya ni kwamba iliingia vizuri.

Wakagawanyika. Besi wakataka 'Bwana utuhurumie'. Sauti ya kwanza wakasema huu ni Majilio, kwa hiyo 'Njoo Masiya'. Mmoja wa sauti ya tatu alikwisha tunga beti mbili za kumshukuru paroko. Nikapiga meza. Nikasema mtu aliyeandika haya alikuwa na maneno yote ya Biblia mbele ya macho yake kila siku, na bado hakuweka hata moja, basi na sisi tumheshimu.

Wakafunga madaftari. Ila Jean-de-Dieu alinong'ona: "Labda alisahau."

Jumanne, 25 Desemba

Noeli. Tumeimba vitu vyenye maneno. Watu wamefurahi.

Jumapili, 6 Januari 2019

Jaribio la kwanza pamoja na piano, baada ya misa, mbele ya wazee wachache na watoto wanaotafuna keki. Aurore akaketi kwenye piano. Tukaanza. Nilikuwa nimewapa mgongo watu na uso kwaya, nikiongoza kwa mikono miwili, nikiona nyuso zao zinang'aa. Halafu nyuso zikaacha kung'aa, moja baada ya nyingine, kuanzia kulia. Nikageuka. Kiti cha piano kilikuwa kitupu.

Nilimkuta kwenye chumba cha kufulia cha nyumba zao, ameketi juu ya mashine inayozunguka, anatetemeka nayo.

"Nilikwambia, Anko."

"Ni nota ipi iliyokutisha?"

"Hakuna nota! It's the waiting. Nikishaanza kupiga, sijali tena. Lakini kukaa pale, mikono magotini, ninyi mnaimba, watu wananiangalia mimi. Nahisi kama nimekufa na watu wanakuja kunitazama."

Mashine ikasimama. Nikamsaidia kutoa nguo. Tukakunja shuka pamoja, yeye ncha mbili, mimi ncha mbili. Tulipokutana katikati nikamuuliza: "Henselt wako alikuwa anangojea wapi?"

"Nyuma ya pazia."

"Basi tatizo lako ni kwamba sisi hatuna pazia."

Akacheka kidogo, pua imejaa. Nami nikarudi nyumbani nikiwaza mapazia.

Jumapili, 13 Januari

Pazia nimelipata. Ni Everline na wenzake.

Aurore hataketi kwenye piano mwanzoni. Atasimama nasi, mstari wa sauti ya pili, kitenge kama chetu, aimbe utangulizi. Nani atamtazama mtu mmoja kati ya kumi na watano? Utangulizi ukikaribia kwisha, Everline anasogea nusu hatua, Aurore anapita akiendelea kuimba, anafika, anaketi, anapiga. Hana hata sekunde moja ya kungoja.

Tumejaribu mara nne. Mara ya kwanza alikanyaga mguu wa Everline. Mara ya pili Everline alimkanyaga yeye. Mara ya tatu akafika, akapiga.

Nimesikia piano nyingi kwenye redio. Sijawahi kusimama hatua mbili kutoka kwa mtu anayeporomosha nota namna ile. Ilikuwa kama lori la mchanga limefunguliwa nyuma, ila kila chembe imepangiwa mahali pa kuangukia. Jean-de-Dieu alisahau ngoma. Katikati kuna mahali piano inapoimba taratibu kama wimbo wa kanisani, na juu yake mtunzi ameandika kwamba ichezwe kwa ibada. Hapo ndipo besi wote walivuta pumzi ili waingie, nikawazuia kwa macho. Ni mara ya kwanza katika historia ya kwaya hii besi kuzuiwa wakazuilika.

Mara ya nne akapiga mpaka mwisho.

Alhamisi, 24 Januari

Dereva wa ghala alihitaji mtu wa kushusha taulo, nikapanda naye. Zilikuwa za hoteli ya Epiphanie. Nikasukuma kigari kwenye korido ya ghorofa ya tatu, na kutoka chumba kimoja nikasikia utangulizi wetu.

Nilisimama. Alikuwa Epiphanie, peke yake, anatandika kitanda. Alianza na sauti ya kwanza akirusha shuka. Shuka lilipotua akaingia sauti ya pili. Akichomeka pembe, sauti ya tatu. Na kwa mito alishuka besi kabisa, akapiga mto mara mbili mahali pa ngoma, kwa usahihi unaomshinda Jean-de-Dieu. Sauti zote nne amezishika kichwani, wakati mimi mwalimu nahitaji karatasi.

Aliponiona hakuona haya. "Nini, mwalimu? Vyumba kumi na sita kwa siku. Ulitaka niimbe nini?"

"Ulisema nisimpe mtoto ndoto."

"Nilisema usiniachie mimi." Akanyoosha foronya. "Mwaka jana nilimpeleka peke yangu. Tulirudi usiku na hakuna aliyefungua mdomo mpaka Dallas. Safari hii ninyi wote mtakuwemo garini. Akilia, mtalia nanyi."

Narekebisha niliyoandika tarehe 18 Novemba. Lile halikuwa jiwe.

Jumapili, 3 Februari

Mazoezi. Baridi. Everline ameleta chai ya watu wote na amekataza mtu yeyote kukohoa hadi tarehe kumi na sita, siku ya usaili, kwa amri ya kitabibu.

Ijumaa, 15 Februari

Magari matatu mpaka Houston. Kila gari lilipewa watu wa sauti mbili tofauti ili njiani tufanye mazoezi; gari la besi watatu lilikosa mizani, likafika likiwa na watu waliokauka koo. Tumelala mtaa wa Gulfton kwa Vital, binamu yangu, kwenye vyumba viwili. Vital alitarajia watu sita.

"Nestor, uliniambia unaleta okestra ndogo."

"Ndogo ndiyo hii. Kubwa ni sitini."

Alipika wali kwenye sufuria nne za majirani. Saa tatu usiku tukauimba utangulizi mara moja, polepole, na jirani wa juu akagonga sakafu. Jean-de-Dieu akasema ndiyo ngoma aliyokuwa akiitafuta miezi yote.

Jumamosi, 16 Februari

Naandika kwa Vital, nimeketi juu ya begi, maana viti vimekaliwa.

Ukumbi wa chuo ni mdogo, una piano mbili ndefu nyeusi, na nyuma ya meza waamuzi watatu: mama wawili na mzee mmoja mwembamba mwenye miwani ya kamba. Mlangoni kijana wa zamu alimwita Aurore, akatazama karatasi yake, akauliza mpiga piano wa pili yuko wapi. Tukasimama wote kumi na wanne. Vitenge vya kijani na njano. Yule kijana alitazama karatasi tena, kama labda imeandikwa humo.

Tukaingia. Tukapanga mistari. Aurore kati ya Everline na ukuta. Niliona mikono yake. Ilikuwa imeshika mkono wa Everline, na Everline amekwisha shika mikono mingi ya wenye hofu katika kazi yake.

Nikainua vidole. Mara tu tulipovuta pumzi, mzee mwenye miwani akanyanyua mkono na kufungua mdomo. Jean-de-Dieu, ambaye alifundishwa adabu, akadhani anatusalimu. Akanyanyua wake, akampungia. Mzee akabaki na mkono hewani. Sisi tukaingia.

Tumewahi kuimba mbele ya maaskofu wawili na mbele ya mvua ya mawe, lakini hatujawahi kuimba namna ile. Nota zilizotukunja ulimi Desemba zilitoka kama tunahesabu vidole. Mapaja ya Jean-de-Dieu yalilia. Mzee alishusha mkono, polepole, akauweka juu ya meza. Mmoja wa akina mama alikuwa ameacha kuandika.

Everline akasogea nusu hatua.

Nilimwona Aurore akipita mbele yangu akiimba, macho yako kwenye piano kama mtu anayewahi kuzima jiko. Akaketi. Nota yetu ya mwisho ilikuwa bado iko hewani alipoipokea kwa mikono miwili.

Hakukimbia. Alipiga. Alipiga yale maporomoko, alipiga ule wimbo wa ibada mpaka Epiphanie, pale kwenye violini, akafunga macho. Tulipopaswa kuingia tuliingia, tulipopaswa kunyamaza tulinyamaza. Ila mwishoni kabisa, piano na sisi wote tukiwa juu, nilisikia kutoka besi, wazi, kwa sauti ya foklifti: "Aleluya!" Mara mbili. Iliingia vizuri.

Mzee akavua miwani.

"Nani ameandika sauti hizi?"

Kumi na wanne wakaninyooshea kidole. Nikashika ufunguo.

Akamgeukia Aurore, akasema kwamba ni miaka mingi hajasikia mwanzo wa kitu chochote ndani ya chumba hiki. Akatushukuru, tukatoka.

Nje, Epiphanie alimkumbatia binti yake, kisha akamwambia, "Kitenge chako kimelegea," akamfunga upya.

Tumelijadili lile neno la mzee mpaka sasa. Miaka mingi hajasikia mwanzo? Everline anasema labda huwa anachelewa kazini. Jean-de-Dieu anasema ni mafumbo ya watu waliosoma. Vital anaomba tulale.

Jumapili, 17 Februari

Tumerudi. Gari la besi limeimba mpaka Dallas, na safari hii hakuna aliyewanyamazisha.

Jumatano, 13 Machi

Barua imefika. Epiphanie alinipigia simu kutoka hotelini, na badala ya kusema akaimba. Alianza na sauti ya kwanza na alipofika besi nilikuwa nimekwisha elewa. Amepokelewa, na chuo kitamfadhili. Ghalani nimepakia taulo nikizipiga mara mbili mbili, mahali pa ngoma.

Jumapili, 17 Machi

Ni Kwaresima, lakini paroko ametoa ruhusa ya keki. Aurore amepiga mbele ya parokia nzima, nasi tumeimba. Hakuna aliyeuliza maneno. Baada ya utangulizi watoto wakabaki wameduwaa, keki mkononi. Jirani mmoja wa zamani aliyehamia Carrollton ameniuliza huyo Henselt anatoka parokia gani.

Aurore amenikumbatia. "Anko, bila ule mwanzo nisingeweza."

Nimesema mbele ya watu wote kwamba mwanzo ndio kila kitu, na nadhani nilisema kwa muda mrefu kidogo.

Jumanne, 19 Machi

Leo fundi wa piano amekuja ukumbini na kuurefusha mguu mfupi. Karatasi iliyokuwa chini yake amenikabidhi mimi, mwenye ufunguo. Ni ukurasa wa pili wa maelekezo ya usaili. Mstari wa nne unasema: "Utangulizi wa okestra haupigwi. Mtahiniwa aanze moja kwa moja pale piano inapoingia."